Majibu ya Haji Sabri

Mtaani kwao, mjini Mahalla, Rihabu hakuitwa tena kwa jina lake. Tangu alipopata alama za juu katika mtihani wa mwisho wa sekondari, majirani walimwita Daktari. Baba yake, Haji Sabri, fundi wa kiwanda cha nyuzi, alitembea kifua mbele.

Ndani ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Rihabu alifeli mwaka wa kwanza wa udaktari. Hakulia, na afadhali angelia. Alikaa tu mezani akichezea mkate kwenye bakuli la maharage.

"Kula basi, mwanangu," alisema mama yake, Bi Awatifu.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Hewa?"

"Mwache," alisema Haji. "Atarudia mwaka, basi. Alama kama zile ziende bure? Mwenye alama za udaktari anasoma udaktari. Watu wote ndivyo wanavyofanya."

Chuo kilitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi: kurudia au kuhama. Bi Awatifu aliona binti yake anakwisha huku anamtazama. Akapanda ghorofa ya juu kwa Bi Ibtisamu, ambaye kazi yake ni kuwashauri wanafunzi.

Bi Ibtisamu alikuja na karatasi za maswali. "Huu ni mtihani wa kujipima," alisema. "Hauna kufaulu wala kufeli. Unakuuliza unapenda nini, unaweza nini, na nini kinakuchosha. Ukijibu kweli, utaona kazi za kukufaa."

Rihabu alishika kalamu. Haji naye akavuta kiti, akakaa bega kwa bega naye.

"Unapenda kukaa na wagonjwa?" alisoma Rihabu.

"Ndiyo. Andika ndiyo."

"Ukiona damu, unaweza kutulia?"

"Tia ndiyo! Damu kitu gani?"

Rihabu aliandika kila alichoambiwa, mpaka mwisho.

Bi Ibtisamu aliyasoma majibu polepole. "Aliyejibu hapa angekuwa daktari mzuri sana," alisema.

"Si niliwaambia!" Haji akacheka.

"Haji, mama yako alipopooza, nani alimuuguza?"

"Mimi."

"Na jengo hili lote, nani anatuchoma sindano?"

"Mimi, nani mwingine?"

"Basi majibu haya ni ya kweli. Lakini ni yako, si ya Rihabu."

Kicheko kikamkatika. Haji aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na minne, baba yake alipofariki, na humo ndimo alimozeekea. "Na mimi sasa?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Bado naweza?"

"Udaktari umeshakupita, Haji. Sitakudanganya."

Machozi yalimtoka mbele ya mke na mtoto. Aliona haya, akaenda kusimama kibarazani, akawapa mgongo.

Rihabu alipewa karatasi nyingine. Safari hii alijibu peke yake, mlango umefungwa. Alijibu kwamba wagonjwa wanamtia hofu. Anapenda mimea, kazi ya nje, na kupima vitu kwa utulivu.

"Kilimo kinaweza kukufaa," alisema Bi Ibtisamu. "Lakini mtihani huu si mpiga ramli. Haukuamulii, unakupa pa kuanzia tu. Nenda ukaione kazi yenyewe. Waulize wanaoifanya, hata mabaya yake."

Rihabu alikwenda kwenye shamba la utafiti, wanakopima udongo ulioharibiwa na chumvi. Alirudi jioni amechomwa na jua, akaomba chakula.

"Kilimo!" alisema Haji. "Huko si wanakwenda waliokosa alama?"

"Baba, kule udaktari, kwenye chumba cha maiti tulimojifunzia, nilikuwa naomba nife mimi."

Haji alivuta kiti, akakaa mbele yake. Hakujua. Aliishi naye nyumba moja na hakujua.

"Sasa wewe unataka nini?" alimuuliza.

"Kilimo, Baba."

Kesho yake walikwenda chuoni pamoja kuandikisha uhamisho.

Rihabu alifaulu mwaka wake wa kwanza wa kilimo. Alinenepa kidogo, akaanza tena kugombana na mama yake juu ya chumvi ya mchuzi. Nyumba ilipata nafuu. Haji yeye hakupona haraka. Akipita mbele ya hospitali aligeuza uso.

Siku moja, kwenye harusi ya jirani, mfanyakazi mwenzake alikaa karibu naye.

"Haji, binti yako yuko mwaka wa ngapi wa udaktari?"

"Ameacha. Anasoma kilimo, na anafaulu."

"Maskini wee! Na wewe ukamkubalia?"

"Nilimuuliza anataka nini, akaniambia," alisema Haji Sabri. "Mimi sikuulizwa."