Hapa Hatupokei Nyusi

Ukipita nyumbani kwa Kalolaine siku ya Ijumaa, pua itakusimamisha kabla miguu haijataka. Keki za kijiji chetu zinatoka pale. Oveni ipo kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba, na mlango wake umefungwa kwa waya kwa sababu bawaba ilikatika. Mumewe, Sitaleki, aliinunua kwa jasho la kuchuma matufaha Australia. Alikaa huko miezi mingi. Aliporudi, binti yao mdogo, Losa, alijificha nyuma ya sketi ya mama yake akauliza, "Huyu baba ni wa nani?"

Swali lile lilimchoma Sitaleki.

"Nikipata riziki hapa hapa Tonga, siendi tena," alimwambia mkewe.

Mwaka huu bwana wa shamba la matunda alipiga simu tena. Alitaka jibu baada ya Jumapili ya Mama. Sitaleki alimwambia asubiri kidogo. Alitaka kuona kama keki zitawalisha.

Mei kwetu ni mwezi wa kula. Jumapili ya kwanza ni ya watoto, ya pili ni ya mama, ya tatu ni ya baba. Watoto huvaa nguo nyeupe na kusema mistari yao kanisani. Kisha watu hukaa kula, na meza isiyo na keki huchekwa mpaka Krismasi. Kalolaine akaona wakati wake umefika.

Wiki ya kuamkia Jumapili ya Watoto alizunguka kijiji kizima kutafuta oda. Alimkuta wifi yake Lavinia, dada mkubwa wa Sitaleki, akitoka mazoezi ya kwaya.

"Wifi, nikuokee keki kubwa ya watoto?"

Lavinia aliinua nyusi, akaendelea na safari yake.

Sisi hatuhitaji mdomo kusema ndiyo. Tunainua nyusi, basi. Kalolaine alipita dukani, nyusi zikapanda. Alipita mlango wa shule, nyusi zikapanda. Alirudi nyumbani anaimba.

"Oda zimejaa, baba Losa!"

"Nani amesema?"

"Wote."

"Wamesema, au wameinua nyusi?"

"Si ni kitu kimoja?" alijibu Kalolaine, akaenda kukopa mayai.

Jumamosi alioka tangu alfajiri. Jasho lilimtoka mpaka kwenye viwiko. Keki zilipangwa mezani, kitandani, hata juu ya cherehani. Ile ya Lavinia ilikuwa kubwa kuliko zote, ina jamu ya nanasi katikati. Kisha Kalolaine alioga, akavaa gauni safi, akakaa barazani kusubiri wateja.

Walikuja wawili tu.

Jua lilizama. Kwetu Jumapili hakuna biashara. Huuzi, hununui, na polisi hawatanii. Keki isiyochukuliwa Jumamosi imekwisha kuwa zawadi. Kesho yake Kalolaine aligawa keki bure kwa kila mtoto aliyepita. Zilizobaki ziliangukia kwa nguruwe wanaozurura barabarani. Nguruwe wa kijiji chetu walisherehekea Jumapili ya Watoto kuliko watoto wenyewe.

Sitaleki hakufoka. Jumatatu alishusha begi lake la safari kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi. Kalolaine alimwona. Akaingia bandani, akalia kwa uchungu.

Hapo ndipo alipokutwa na Meliame, jirani yake. Meliame ni fundi cherehani. Ana ulimi mkali na moyo mwema, na hajui kubisha hodi. Alikuta kipande cha keki chini ya kawa, akakila amesimama.

"Keki tamu hii. Mbona naila bure?"

"Wateja hawakuja."

"Wateja gani?"

"Walioagiza! Lavinia aliagiza ile kubwa."

"Alisemaje?"

"Aliinua nyusi."

Meliame aliacha kutafuna. "Nyusi zake zilitaja ukubwa wa keki?"

"Hapana."

"Zilitaja saa ya kuja kuichukua?"

"Meliame, usinicheke."

"Sikucheki. Nahesabu. Nyusi zikipanda, mtu anaweza kuwa anasema ndiyo. Anaweza kuwa anasema habari za leo. Anaweza kuwa anasema nimekusikia, niache nina haraka. Wewe zote umezitia kwenye unga!"

Kalolaine alijikuta anacheka huku machozi yanamtoka.

"Sasa nifanyeje? Watu wetu ndio hivyo. Hakuna anayekwambia hapana usoni. Anaona ni utovu wa adabu."

"Mimi nafanyaje?" Meliame alivuta ndoo, akaikalia. "Mtu akitaka gauni, namwambia lete kitambaa. Kitambaa kikiwa mezani kwangu, huyo hanipotei. Asipokileta, simgombezi, lakini mkasi wangu haugusi kitu."

"Keki haina kitambaa."

"Ina sinia. Kila mwanamke hapa hupeleka chakula kanisani kwenye sinia lake, na kalipaka rangi chini lisichanganywe na la mwenzake. Umewahi kuona mtu wa hapa anasahau sinia lake?"

"Hata siku moja. Watu wamenuniana mwaka mzima kwa sababu ya sinia."

"Haya! Mwambie alete sinia kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Na kwa keki kubwa, alete na kianzio, nusu ya bei. Hiyo ndiyo inanunua unga na mayai. Sinia likija, oda ipo. Lisipokuja, unalala."

"Na akileta sinia, halafu asije Jumamosi?"

"Mwambie mapema, siyo siku hiyo. Mwambie keki inamsubiri mpaka jua kuzama. Likizama, unamuuzia anayepita, na kianzio hakirudi. Akijua tangu mwanzo, hana la kulalamika. Tena, mwenzangu, ukiuliza usiulize 'unataka?' Hapo unaziita nyusi. Uliza 'keki gani, ya watu wangapi, nani atakuja kuichukua na saa ngapi?' Nyusi haziwezi kujibu hayo."

Kalolaine aliona mwanga. Halafu uso wake ukaanguka tena.

"Na Lavinia? Nitamwambiaje Lavinia alete kianzio? Yule ni dada wa mume wangu. Msibani yeye anakaa mbele kwenye mkeka, mimi niko nyuma napika."

"Basi anza na yeye."

"Umerukwa na akili."

"Mwendee kwa heshima zote. Keti chini. Lakini muulize. Ukimwogopa yeye, wengine watakuona unawaonea."

Jumanne Kalolaine alivaa mkeka wake kiunoni, kama tunavyofanya tukienda kwa mkubwa. Alibeba mkate wa nazi. Lavinia alikuwa barazani anasuka ukili. Kalolaine aliketi chini, karibu na mlango.

"Wifi, Jumapili ya Mama inakuja. Nikuandalie keki?"

Swali lile lile la zamani lilimponyoka! Nyusi za Lavinia zikapanda mara moja.

Kalolaine alijirekebisha. "Nisamehe, wifi. Nyusi sizipokei tena. Naomba uniambie kwa mdomo."

Lavinia aliweka ukili wake chini. "Umekuwa mzungu lini?"

"Sijawa mzungu. Wiki iliyopita nilikuokea keki kubwa ya nanasi, hukuja. Wameila nguruwe."

"Keki yangu mimi? Nani alikwambia nataka keki?"

"Uliinua nyusi. Pale njiani, ulipotoka kwaya."

"Nilikuwa nakusalimia!"

Wakatazamana. Kalolaine alishusha macho. "Nilikula hasara kubwa, wifi. Begi la Sitaleki limeshashushwa kutoka juu ya kabati. Keki zisipotulisha, anarudi kwenye matufaha."

Lavinia alimsogelea. Anampenda ndugu yake, ingawa hajawahi kumwambia.

"Kwa nini hukunijia siku ile ile?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Niliona haya."

"Na mimi sikujua." Lavinia alikohoa, akarudisha ukali wake. "Sasa sikiliza. Keki sitaki. Sijawahi kupenda keki tangu nizaliwe. Zinanikwama kooni."

Kalolaine alitaka kuzama sakafuni. Lakini Lavinia alikuwa hajamaliza.

"Nataka puteni, pudini yetu. Ile ya kupika kwa mvuke, na sukari iliyounguzwa mpaka iwe nyeusi. Ya watu ishirini. Nitaichukua mwenyewe Jumamosi saa tisa. Nyusi zangu hazikukwambia hayo, eh?"

"Hazikuniambia, wifi. Basi naomba sufuria yako na kianzio kabla ya Ijumaa mchana. Ndivyo ninavyofanya kwa wote sasa."

Lavinia alimtazama sana. Kisha akaangua kicheko mpaka kuku wakakimbia.

Jumatano Kalolaine alizunguka tena kueleza utaratibu wa sinia, na wengine wakanung'unika kwamba anawadharau. Alhamisi kijiji kizima kiliona. Lavinia alipita barabara kuu na sufuria yake kichwani, doa jekundu chini, uso umeinuliwa. Hakutuma mtu. Aliingia kwa Kalolaine, akaiweka mezani pamoja na kianzio, akatoka.

Kuona hivyo, nani tena angesema kuleta sinia ni kudharauliwa? Kufikia jioni masinia yalikuwa yamepangwa bandani, yenye doa la bluu, la kijani, la manjano. Kila aliyeleta alitaja keki yake, idadi ya watu na saa ya kuja. Kalolaine alimkumbusha kila mmoja habari ya jua kuzama. Wawili walisema wazi kwamba mwaka huu hawataki. Kalolaine aliwashukuru kwa dhati. Hapana zile zilimwokolea unga.

Mmoja tu, 'Akesa wa karibu na kisima, alimwona Kalolaine uani siku ya Ijumaa, akainua nyusi kwa mbali, akapita. Kalolaine alimpungia mkono, akarudi kuoka. Hakumwokea kitu.

Jumamosi mchana 'Akesa alitokea. "Keki yangu iko wapi?"

"Sinia lako liko wapi, dada?"

"Lakini jana niliinua nyusi!"

Wanawake waliokuja kuchukua masinia yao walicheka mpaka wakashikana mabega. "Peleka nyusi zako kanisani kesho," alisema Meliame, "uone kama watu watashiba." 'Akesa mwenyewe akacheka. Kalolaine alimuuzia maandazi ya moto ya akiba, na kabla hajatoka alikuwa ameshaahidi kuleta sinia kwa ajili ya Jumapili ya Baba. Alisema kwa mdomo, tena kwa sauti.

Lavinia alikuja saa tisa kamili. Alifunua sufuria, akanusa, akafunika. "Nyeusi vizuri," alisema. Kwa Lavinia hiyo ni hotuba nzima.

Jua lilipozama, banda lilikuwa tupu. Hata kipande cha kumtupia nguruwe hakikuwepo. Mayai ya mkopo yalilipwa jioni ile ile, na unga wa wiki ijayo ulikuwa tayari kwenye pipa.

Jumatatu simu ya Sitaleki iliita. Alitoka nje kuongea. Kalolaine alibaki akipangusa meza ambayo ilikuwa safi tayari. Alisikia sauti, hakusikia maneno. Sitaleki aliporudi, Losa alimpanda mapajani, akaanza kumvuta masikio.

"Umemjibu?" aliuliza Kalolaine. "Unabaki?"

Sitaleki aliinua nyusi.

Kalolaine alitupa kitambaa mezani. Macho yalimjaa machozi, lakini alisimama imara, mikono kiunoni.

"Baba Losa, nyumba hii haipokei nyusi. Sema kwa mdomo."

"Nabaki," alisema Sitaleki.