Kamera Inayouma

Maneno hayo yaliletwa kwenye kibaraza changu cha kushonea na mteja aliyekuja kupunguza gauni. Nilikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo sikuweza hata kumkatiza.

"Umesikia habari za kamera za marehemu?" aliniuliza huku akijitazama kwenye kioo. "Yule mpiga picha wa mtaa wa nyuma. Dada yake anagawa vitu vyake. Kijana mmoja alipewa kamera, akaifungua aitengeneze. Alitupwa chini kama gunia. Haikuwa na betri, haikuwa na waya. Ukiniuliza mimi, mwenyewe hajaiachia."

Nilitoa pini mdomoni, nikacheka kidogo. "Dada yangu, marehemu ana shida gani na kamera mbovu?"

"Cheka tu. Wanasema kabla hajakushika, unamsikia analia humo ndani. Sauti nyembamba, kama ya mbu."

Alipoondoka nilijidunga sindano nikishona pindo la gauni lake. Sikuamini, lakini maneno yale yaligoma kuondoka. Haikuwa na betri, haikuwa na waya. Niliyasikia katika mlio wa cherehani, niliyasikia nikikosha vyombo. Maana ndani ya nyumba yangu mwenyewe kulikuwa na mtoto aliyekuwa akitafuta kamera.

Binti yangu ana miaka kumi na miwili. Wenzake wanamwita Chongo, kwa sababu kila anachokiona lazima afumbe jicho moja na kukipima kama picha. Akirudi shuleni anavua sare, anaosha vyombo, kisha anakaa kwenye ngazi karibu na cherehani yangu na kupanga vifaa vyake. Mjomba wake alimpa kamera ndogo ya zamani inayoingia mfukoni. Mimi nilimshonea mkoba kutoka mguu wa suruali ya jinzi, nikaweka ndani kipande cha sweta ili kamera isigonge. Alikuwa pia na kipande cha bomba la plastiki, alichokilainisha kingo kwa msasa.

"Kamera kubwa ni mzigo, mama," alizoea kuniambia. "Mdudu anakimbia kabla hujaipandisha machoni. Yangu itakuwa nyepesi. Nimebakiza lenzi tu. Lenzi ya kamera ya zamani, nikiibandika kwenye hili bomba mbele ya hii yangu, sisimizi anatokea mkubwa kama ng'ombe."

Lenzi ya dukani hatukuthubutu hata kuiulizia bei.

Siku ile ya mteja nilimwita. "Hiyo lenzi utaipata wapi?"

"Kwa fundi simu," alijibu haraka.

"Nisikilize. Usiguse kitu chochote cha yule mpiga picha aliyefariki. Umenisikia?"

"Abee, mama. Nimesikia."

Alinijibu vizuri, kwa adabu, na mkoba wa shule mgongoni. Kumbe humo ndani ya mkoba kamera ya marehemu ilikuwa imeshalala. Alikuwa amemfagilia dada wa marehemu ile studio yote, naye akampa kamera moja mbovu iwe shukrani.

Siku chache baadaye mwanangu alibadilika. Aliosha vyombo kwa mkono mmoja, wa kulia akiufutika mfukoni. Vifaa vyake vilikaa kwenye mkoba bila kuguswa. Usiku alijifunika shuka mpaka kichwani, na mbu akipita karibu naye, alikurupuka akakaa kitandani, macho mlangoni.

"Una nini, mwanangu?"

"Sina kitu, mama."

Kisha, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa: "Mama, mtu akifa, anaweza kumkasirikia mtu asiyemjua?"

Nilimwambia alale. Yeye hakulala, na mimi sikulala.

Jumamosi mchana nilimkuta akihangaika kukamua nguo kwa mkono wa kushoto. Niliushika ule wa kulia kabla hajauficha. Kwenye kidole gumba na cha shahada kulikuwa na madoa mawili madogo, meupe katikati na meusi pembeni. Ngozi kuzunguka madoa hayo ilikuwa imevimba na kung'aa.

"Hii ni nini?"

"Maji ya moto."

"Maji ya moto hayachomi vitone, mwanangu. Maji ya moto yanamwagika."

Wakati huo huo bibi, jirani yetu, akachungulia mlangoni. Anaishi na mjukuu wake wa miaka sita, ambaye mtaa mzima unamwita Bosi kwa jinsi anavyoamrisha watu.

"Jirani, hujamwona Bosi?" aliuliza bibi. "Redio yangu imekufa ghafla. Kuifungua nyuma, betri hakuna. Nimeshamjua mwizi, sijui tu alikojificha."

Chongo aliachia nguo ikaanguka mavumbini. Sijawahi kuona uso wa mtoto ukipauka namna ile.

"Betri," alisema. "Mama, nimempa Bosi ile kamera. Ya marehemu. Niliiwasha kuijaribu, ikalia kama mbu. Nikaizima, nikatoa betri, nikaifungua nitoe lenzi. Akanishika. Mama, alinishika vidole akanitupa. Shuleni walisema ukimpa mtu mwingine anakuacha, anamfuata huyo mwingine. Bosi aliniomba mwenyewe."

Sikumgombeza. Sikuwa na nafasi ya kugomba. Tulizunguka nyuma ya nyumba ya bibi, kwenye tangi la maji, na kabla sijamwona mtoto nilisikia ile sauti. Nyembamba, inapanda, kama mbu aliye ndani ya sikio.

Bosi alikuwa amechuchumaa kwenye tope la bomba, miguu mitupu, mikono imelowa. Kamera ilikuwa juu ya mapaja yake, mfuniko wa nyuma unaning'inia kwa skrubu moja. Alikuwa akichungulia ndani.

Nilitaka kumrukia. Chongo alinivuta nguo.

"Usimshtue, mama," alininong'oneza. "Akishtuka ataikamata kwa nguvu."

Akasogea polepole, akachuchumaa mbali kidogo naye. "Bosi, unampiga nani picha?"

"Simpigi mtu. Naangalia aliyemo."

"Nipige mimi."

Bosi alimtazama juu mpaka chini, kama karani anayekagua mtu aliyekuja kuomba kazi. "Umevaa vibaya."

"Nipige hivyo hivyo. Lakini wapiga picha wakubwa hawashiki kamera mkononi, inatikisika. Wanaiweka juu ya kitu. Iweke pole pole juu ya ile ndoo."

Bosi alifikiri. Kidole chake kilikuwa kwenye ukingo wa ule mfuniko uliofunguka. Bibi, nyuma yangu, alinishika bega akaliminya mpaka likaniuma. Mwishowe mtoto aliinua kamera, akaiweka juu ya ndoo ya plastiki iliyopinduliwa.

"Ngoja nikupange kwanza," alisema, akimwendea Chongo. "Simama hapo. Funga mdomo. Usicheke kama mbuzi."

Nilimkamata kiunoni nikamwondoa. Alinipiga mateke njia nzima, akidai yuko kazini.

Nyuma yetu kamera iliendelea kulia peke yake juu ya ndoo. Kisha ikanyamaza, na ule ukimya ulinitisha kuliko ule mlio.

Bibi alikwenda kumwita fundi redio, ambaye kibanda chake kiko pale kwenye kona. Alikuja na mfuko wake wa vifaa na glovu nene. Hakuuliza habari za marehemu. Aliuliza swali moja tu: "Nani ameigusa?" Chongo akanyoosha mkono wake wenye madoa. Fundi akaukagua, akatikisa kichwa, akatuambia sote turudi nyuma mpaka ukutani. Aliinama juu ya ndoo akiwa na chombo chenye mpini mnene.

Ikalia paa, na mwanga wa buluu ukaruka. Bibi alijishika kifua.

"Huyo ndiye marehemu wenu," alisema fundi. "Tunafahamiana. Tumeshapigana sana."

Alipohakikisha kwamba imekwisha nguvu, alituonyesha. Ndani, karibu na taa ya flashi, mlikuwa na kikopo cheusi chenye urefu kama wa kidole cha mtoto, na miguu miwili ya chuma. Kinaitwa kapasita. Mimi nimesoma shule ya msingi tu, kwa hiyo naandika kama alivyotueleza. Betri ndogo haina nguvu ya kuwasha mwanga mkali kama ule wa flashi. Kwa hiyo kamera inakusanya umeme kidogo kidogo na kuulundika ndani ya kile kikopo, mpaka unakuwa mwingi kupita wa betri mara nyingi sana. Ule mlio wa mbu ni umeme ukikusanywa. Na ukitoa betri, umeme haujali. Unabaki pale pale, umekaa kimya, unamsubiri atakayeshika ile miguu miwili.

"Kwa hiyo yule kijana aliyetupwa chini hakudanganya," nilisema.

"Alitupwa kweli. Aliyesingiziwa ni marehemu."

Chongo aliuliza kwa sauti ndogo, "Fundi, ingemfanya nini Bosi?"

Fundi alimtazama Bosi, miguu yake yenye tope, mikono yake iliyolowa. "Wewe vidole vilikuwa vikavu, na umepata kidonda. Kwa kifua kidogo kama kile, tena na mikono yenye maji, sitaki kukujibu."

Tulikwenda zahanati jioni ile ile. Muuguzi aliuliza kilichomchoma. Nilimwona mwanangu akifungua mdomo kusema maji ya moto, akaufunga, akasema, "Umeme." Muuguzi akaacha chupa ya dawa aliyokwisha kuishika, akachukua kwanza kipimo cha kusikilizia moyo. Alisikiliza muda mrefu. Moyo ulikuwa salama. Kidonda kilikuwa kimeanza kutunga usaha kwa ndani, kikaoshwa na kufungwa.

"Ungesema maji ya moto, ningekupaka dawa nikakuacha uende," muuguzi alimwambia. "Moyo nisingeugusa."

Tuliporudi tulimkuta bibi kwenye ngazi yetu. Alimkalisha Chongo karibu naye.

"Mjukuu wangu, nikuulize jambo moja," alisema. "Uliamini kweli kwamba kamera ile ina mtu ndani anayewashika watu?"

"Ndiyo, bibi. Niliamini."

"Uliamini. Kisha ukampa Bosi."

Watoto walipita barabarani wakisukuma ringi, wakapotea kwenye kona, na Chongo bado anatazama bendeji yake. Halafu machozi yakaanza kumdondoka juu ya magoti.

"Sikukasirika kwa sababu uliogopa," alisema bibi. "Hata mimi niliogopa leo, na umri wangu huu. Lakini siku ile uliposhikwa, mama yako alikuwa hapo kwenye cherehani. Ungemwambia, angekupigia kelele, yangekwisha. Ulificha kamera, ukaficha kidonda, ukaficha hofu, na vyote vitatu ukavisukumia kwa mtoto asiyejua hata kufunga vifungo vya shati lake. Ukiogopa kitu, kilete kwa mtu mzima. Hata kama ulikipata kwa kutotusikiliza. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bibi. Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe. Kamwombe mwenyewe."

Bosi alimsamehe kwa masharti. Alitaka kupigwa picha akiwa amekaa kwenye kiti cha bibi, na betri za redio asizirudishe yeye.

Fundi redio aliitoa lenzi kwenye ile kamera mezani kwake, Chongo akisimama mbali na mikono mgongoni. Ilitosha vizuri kwenye bomba la plastiki. Sasa mkoba wa jinzi una kila kitu, na mwanangu anautembeza begani kama hauna uzito. Nimemwona sisimizi mkubwa kama ng'ombe, na sikujua kama ana nywele miguuni.

Wateja bado wananiletea zile habari za marehemu, nami nawaeleza habari za kapasita. Wengine wanaelewa, wengine wananionea huruma. Lakini hata mimi niliyeelezwa, mbu akilia karibu na sikio langu, nageuka upesi kutafuta mikono ya Bosi iko wapi.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma, mnaopenda kamera kama huyu wangu, epukeni haya:

Usifungue kamera yenye flashi, hata kama ni mbovu, hata kama imekaa bila betri. Mpelekee fundi.

Usijaribu kumaliza ule umeme mwenyewe kwa sababu ulisoma hapa kwamba fundi aliumaliza.

Usitazame jua kwa lenzi. Macho hayana fundi redio.

Usiguse kifaa cha umeme ukiwa na mikono iliyolowa au umesimama kwenye maji.

Usiseme "kwa fundi simu" wakati si kwa fundi simu.

Usimdanganye muuguzi. Anatibu kile ulichomwambia.

Usifiche kidonda mfukoni.

Usimpe mtoto mdogo kitu ambacho wewe mwenyewe unakiogopa.