Kiko cha Marehemu

Haya yalimpata Nermin, jirani yangu hapa Eskişehir, naye si mwongo, na tangu aniambie usingizi umenipaa maana mimi pia nina mtoto mchanga.

Nermin husafisha viko vya zamani vya kuvutia tumbaku, vya jiwe jeupe, kwenye chumba cha chini ya nyumba kisicho na dirisha. Hulilowesha jiwe kwanza ili vumbi lisimwingie mwanawe mchanga kifuani, ndipo hukwangua masizi, akachonga upya palipolika, akapaka nta ya nyuki. Mchana huo aliletewa kiko cha marehemu fulani. Mama mkwe wake akamfokea kutoka ngazini, "We mkwe wangu! Cha maiti hakipulizwi! Kizibue kwa maji, hata kama una haraka ya kunywa chai!"

"Sawa mama, pumzi yenyewe hainitoshi," Nermin akamtania.

Mara umeme ukakatika, giza likawa totoro, na mwanawe Umut, aliyelala pembeni kwenye kitanda cha kubembea, akaanza kulia. Nermin akataka amalize upesi. Akakipuliza.

Pumzi yake haikutokea upande wa pili. Kiko kiliivuta taratibu, kikikoroma ndani kwa ndani kama mzee mwenye pumu, kisha kikanyamaza. Na Umut akanyamaza.

Nermin akapapasa gizani, akamnyanyua, akatega sikio puani mwake. Alikuwa anapumua. Umeme ukarudi. Umut alikuwa macho, anamtazama tu mama yake, na moshi mwembamba ulikuwa unamtoka puani.