Mke wa Ayubu Naye Alifiwa

Kila asubuhi fundi alisoma Biblia kwa sauti. Alisoma akiwa ameshavaa ovaroli yake ya kazi, yenye vitundu vingi vya cheche. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alitengeneza mageti na madirisha. Mke wake alikuwa msusi. Aliwasuka wateja wake kwenye chumba cha mbele, penye kioo kirefu kilichoegemezwa ukutani.

Zamani asubuhi zao zilikuwa na kelele. Binti alitafuta soksi ya pili. Kaka yake mdogo alilalamika kwamba chai inaunguza. Fundi alilazimika kusoma kwa kupaza sauti ili asikike.

Sasa hakuhitaji kupaza sauti. Gari la shule liliacha barabara likapinduka. Watoto wao wote wawili walikuwemo. Walizikwa siku moja.

Tangu siku hiyo, mume na mke hawakujua waitane nani. Kwa miaka mingi fundi alikuwa "baba watoto", na mkewe alikuwa "mama watoto". Maneno hayo sasa hawakuweza kuyatamka. Fundi alisema tu, "Wewe." Mkewe hakumwita kabisa.

Fundi hakulia msibani. Alisimama mbele ya watu akasema, "Mungu ndiye aliyetoa, na ndiye aliyechukua." Watu walistaajabu. Mchungaji akamshika bega akasema, "Huyu ndiye Ayubu wetu." Jina likashika. Hata wateja karakanani walimsalimia, "Ayubu, habari za kazi?" Fundi aliliegemea jina hilo kama mgonjwa anavyoegemea ukuta.

Mkewe alikuwa tofauti. Aliacha kwenda kanisani. Aliacha kula, ila chai. Mteja akija na mtoto, alimwambia mkono unamuuma, arudi siku nyingine.

Jumapili moja fundi alisimama mlangoni amevaa shati lake jeupe.

"Twende," alisema. "Watu wanakuulizia."

"Siendi. Nikamwimbie nini Mungu? Alikuwa wapi gari lilipopinduka?"

"Usikufuru! Unasema kama mke wa Ayubu."

"Mke wa Ayubu alisema nini?"

"Alimwambia mumewe amkufuru Mungu, afe. Mumewe akamwambia anasema kama wanawake wapumbavu. Ndivyo ilivyoandikwa."

Mkewe alimtazama, kisha akageukia ukuta.

Siku hiyo, baada ya ibada, fundi aliwaeleza wazee wa kanisa shida yake. Maneno hayana miguu, lakini yanatembea. Kufikia katikati ya wiki, wanawake mtaani walikuwa wakinong'ona, "Yule mke wa Ayubu." Wateja wakapungua. Viti vya kusukia vikajaa vumbi.

Ndipo jirani yao mmoja alipokuja. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyefundisha watu wazima kusoma na kuandika. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Ni yeye aliyemfundisha msusi kusoma.

"Mdogo wangu, nimekuja kusukwa," alisema. Akavuta kiti, akakipangusa kwa kiganja, akakaa.

Msusi alitaka kukataa, lakini Mwalimu alikuwa ameshafungua kitambaa kichwani. Akachukua chanuo. Akagawa nywele mafungu. Kisha msusi akasema, "Mwalimu, hata wewe umesikia ninavyoitwa?"

"Nimesikia. Je, hiyo habari ya Ayubu umeisoma mwenyewe?"

"Huwa anasoma yeye. Mimi nasikiliza nikikoroga chai."

"Leo soma wewe. Weka kidole kwenye mstari, kama darasani."

Msusi alileta Biblia. Alisoma polepole, akikata maneno marefu vipande vipande. Alisoma jinsi Ayubu alivyokuwa tajiri na mwema. Alisoma jinsi mali yake ilivyopotea. Kisha akasoma jinsi upepo ulivyoiangusha nyumba juu ya watoto wake kumi. Hapo kidole kikasimama.

"Mwalimu, hawa watoto kumi nani aliwazaa?"

"Mama yao."

"Ambaye ni nani?"

"Mke wa Ayubu. Ayubu hakushika mimba."

Msusi hakucheka. Aliendelea kusoma mpaka akafika pale mwanamke yule anaposema. Alisema mara moja tu, akajibiwa, basi. Kisha wakaja marafiki watatu. Waliketi na Ayubu chini, siku saba, bila kusema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa.

"Na kwa yule mama," aliuliza msusi, "nani alikwenda kukaa naye?"

"Sijui, mdogo wangu. Nimeisoma habari hii tangu utotoni. Sijawahi kuuliza swali hilo."

"Na yeye alifiwa," alisema msusi. "Alifiwa watoto kumi. Watu wote tumekumbuka ule mdomo wake tu."

Fundi alikuwa amerudi kuchukua miwani yake ya kazi. Alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia maneno ya mwisho, akakunja uso.

"Mwalimu, mnageuza Maandiko kwenye nyumba yangu?"

"Shemeji, karibu ukae. Hatujageuza hata nukta."

"Basi hayo maswali yametoka wapi? Mimi nimeisoma mara nyingi. Sikuyaona."

"Kwa sababu ulisoma ukiwa umekaa mahali pengine. Nikupe mfano. Darasani kwangu tulisoma habari ya kondoo aliyepotea. Mama mmoja aliyewahi kupotelewa na mtoto sokoni alilia kwa furaha kondoo alipopatikana. Lakini mlinzi wa ghala alikasirika. Alisema, 'Huyu mchungaji ameacha lindo! Na hao tisini na tisa kamwachia nani? Mimi ningefukuzwa kazi.'"

Fundi nusura atabasamu.

"Habari ni ile ile," Mwalimu aliendelea. "Wasomaji ndio waliokuwa wawili. Hakuna mtu anayesoma akiwa hayupo popote. Mwanamume anasoma kama mwanamume. Tajiri anasoma kama tajiri. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

"Kwa hiyo kila mtu asome anavyotaka?"

"La, hasha. Maneno yaliyoandikwa yanatubana wote. Hata mkeo hawezi kusema kwamba yule mama alinena vizuri. Haikuandikwa hivyo. Ndiyo maana tusome mpaka mwisho, tena tusome na watu waliokaa upande mwingine. Wao wanaona tusichoona. Sasa niambie, shemeji, wewe huwa unaishia wapi?"

Fundi alifikiri. "Pale Ayubu anapovumilia. Sura ya pili."

"Kuna sura arobaini na mbili. Soma ya tatu."

Fundi alichukua kitabu. Alianza kwa ile sauti yake ya kila asubuhi. Lakini katika sura ya tatu Ayubu hakuwa yule wa mwanzo. Alilaani siku aliyozaliwa. Aliuliza kwa nini hakufa tumboni. Fundi alisoma mistari michache, sauti ikaanza kukatika. Alijaribu tena, ikakataa. Akafunika uso kwa mikono yake yenye makovu ya moto.

"Kumbe alilia," alisema. "Ayubu mwenyewe alilia, akamlalamikia Mungu. Mbona hili sikutaka kuliona?"

Alifuta macho kwa mkono wa ovaroli.

"Nilipenda kuwa yule wa mwanzo," alisema. "Nikiwa yule, watu wananishika. Nikianguka, nani atanishika?"

Mkewe aliweka chanuo chini. "Mimi nilikuwepo," alisema.

Mwalimu alifunga kitambaa juu ya kichwa kilichosukwa nusu, akaondoka taratibu. Alipofika nje alisikia fundi akilia kwa sauti. Hakugeuka.

Baada ya hapo walibadili namna yao ya kusoma. Jioni, kabla ya chakula, mmoja alisoma na mwingine akasikiliza. Kisha walijiuliza nani amesema na nani hakuulizwa. Walijiuliza pia wao wenyewe wamekaa upande gani. Wakati mwingine walikosana. Kuna siku msusi alifunga kitabu kwa hasira akaenda kukaa nje, na fundi akabaki ndani peke yake.

Walipofika mwisho wa kitabu, walikuta Ayubu amepewa watoto wengine kumi. Msibani wazee walikuwa wamewaambia maneno kama hayo: "Mungu atawapa wengine."

"Wengine," alisema msusi. "Si wale."

Zamani fundi angemweleza maana yake. Safari hii hakueleza. Alitaja jina la binti yao, kisha jina la mdogo wake. Yalikuwa hayajatajwa ndani ya nyumba ile tangu mazishi. Walilia pamoja. Usiku ule msusi alikula, ingawa kidogo.

Jumapili iliyofuata mchungaji alimpokea fundi mlangoni. "Ayubu wetu, karibu!"

"Mchungaji, nakuomba usiniite hivyo tena," alisema fundi. "Mimi nimekwisha. Na mke wangu amefiwa kama mimi. Hamjamuuliza hali yake. Hata mimi sikumuuliza."

Mzee mmoja aliguna kwamba watu siku hizi wamekuwa na maswali mengi. Lakini wiki hiyo mchungaji alikwenda nyumbani kwa fundi. Hakuhubiri. Alimsikiliza msusi, hata alipomwambia mambo mazito juu ya Mungu.

Majonzi hayakuondoka. Siku nyingine msusi hakuweza kuamka. Lakini wateja walianza kurudi mmoja mmoja, na jina la mke wa Ayubu likafa mtaani.

Mvua zilipoanza, muuza mkaa wa mtaa wa pili alifiwa na mtoto mchanga. Wanaume walikusanyika uani, wakamzunguka baba. Walimpa pole, wakamwambia ajikaze. Fundi alikaa nao.

Msusi alipita katikati yao, akauliza, "Na mama yake yuko wapi?"

Walimwonyesha chumba cha nyuma. Alimkuta amelala peke yake, ameutazama ukuta. Msusi alivua viatu, akaketi sakafuni karibu naye. Hakumwambia avumilie, wala hakumwambia Mungu atampa mwingine. Alikaa kimya mpaka mvua ikakatika. Ndipo yule mama akageuka, akamshika mkono, akaanza kumsimulia mtoto wake alivyokuwa.