Makofi ya Dar Tahiri

Sakafu ilikuwa imelowa. Yamna alivua viatu mlangoni, akaingia chumbani, na soksi zake zikanyonya maji mpaka vifundoni. Vigae vya bluu na vyeupe viling'aa kana kwamba mtu ametoka kuvisugua sasa hivi, na hewa ilinuka sabuni nyeusi ya zeituni, ile ya kuchotwa kwa kijiko.

"Mmepiga deki?" Hind, bintiye, alimuuliza mhudumu aliyewaletea mabegi.

Mhudumu, msichana aitwaye Ghizlane, aliitazama sakafu. "Hapana, Lalla. Chumba kilikuwa kimefungwa tangu asubuhi." Akaweka mabegi chini, akatoka kinyumenyume.

Yamna aliijua harufu ile. Ndiyo iliyokuwa harufu ya mikono ya mama yake.

Dar Tahiri sasa ni hoteli ya wenye nazo, ndani kabisa ya kuta za mji wa kale wa Fes, kwenye vichochoro ambavyo mizigo bado inabebwa na nyumbu. Zamani ilikuwa nyumba ya ukoo mmoja, na mama yake Yamna alikuwa mali ya nyumba hiyo. Aliletwa kutoka kusini, akauzwa, akaitwa Mbarka, akafua na kusugua mpaka siku alipotoka kwa mlango wa jikoni, Yamna akiwa mgongoni, akakimbilia Meknes. Bibi wa nyumba, Lalla kama walivyolazimika kumwita, alikuwa akiwaita watumishi kwa makofi mawili. Na Mbarka alisimulia kwamba kwenye mfereji wa ua paliishi jini, likasikiliza makofi hayo miaka na miaka mpaka likayajua. "Bibi alikufa," alikuwa akisema, "makofi hayakufa. Ndipo nikatoroka."

Hind alikuwa wakili, na mwezi uliofuata alikuwa anaolewa. Kabla ya harusi alitaka kumpa mama yake zawadi moja. "Safari hii tunaingia kwa mlango wa mbele, Mama," alisema, "na wao ndio watakaotuletea chai."

Walikula pastila, pai ya nyama ya njiwa, uani, chini ya michungwa, kisha jua likawafukuza, wakarudi chumbani. Yamna alijaribu kitanda kwa kiganja. "Godoro hili lingemeza ngamia," alisema, na Hind akacheka mpaka akakohoa. Wakajilaza.

Yamna aliamshwa na makofi. Mawili, makavu, kutoka uani.

Hind aliketi wima kitandani. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakumwona mama yake. "Naam, Lalla," alisema, kwa sauti nyembamba isiyokuwa yake. "Ninakuja, Lalla." Akashuka, akapiga magoti, akaanza kusugua vigae kwa upindo wa gauni lake la hariri.

"Hind! We Hind!"

Hakusikia. Yamna alimshika mabega, akamtikisa, akamwita kwa jina na kwa majina ya utotoni, na bado ile mikono ikaendelea kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka mwishowe akampiga kofi la shavu, na Hind akalia kama mtu aliyetolewa majini.

"Mama, kwa nini magoti yananiuma?"

Meneja alikuja mbio, bwana nadhifu aitwaye Anwar, jasho limemtoka chini ya kola. Aliwaomba radhi, akawaahidi chumba kingine, akawaahidi hoteli nyingine, akawaahidi gari. Lakini Ghizlane, aliyekuwa amesimama nyuma yake na sinia la chai, alinong'ona, "Haisaidii, Hajja. Wageni hawasikii kamwe. Tunaosikia ni sisi wa kazi. Wenzangu wengine wameshakimbia."

"Binti yangu si wa kazi."

"Najua, Hajja. Lakini jini hili, kuna damu linazozijua."

Meneja akamwita fakihi, mzee mpole mwenye ndevu za hina. Fakihi alimsomea Hind, akamtazama kope za macho, akatikisa kichwa. "Ameshaitika mara moja," alisema. "Mkiondoka sasa, litamfuata kwa makofi mpaka nyumbani kwa mumewe. Akiitika tena, atakula, atalala, atazaa, lakini aliyemo ndani yake atakuwa bado huku, anasugua. Njia ni kulituliza. Damu ya jogoo mweusi, na uji usiotiwa chumvi, mmwage kwenye mfereji kila mwaka."

"Nani amwage?" Yamna aliuliza.

"Wewe. Baadaye yeye. Baadaye mtoto wake."

Yamna alicheka, kicheko kibaya. "Mama yangu alilipikia bila chumvi kila Alhamisi. Lilishiba lini? Nenda salama, Sidi. Mungu akulipe kwa dua. Uji sipiki."

"Hajja, usishindane na hawa."

"Wao ndio walioanza."

Mara tu adhana ya alasiri ilipokwisha, alimchukua Hind kwa mkono, wakashuka uani. Kwenye baraza kuu palikuwa na kochi la mahameli ambalo mama yake alikuwa akilipangusa vumbi na hakuwahi kulikalia. Yamna alilikalia katikati. Akamketisha Hind kando yake.

"Naogopa, Mama," Hind alinong'ona.

"Na mimi naogopa. Kaa tu."

Jua lilikuwa bado linawaka juu ya mapaa. Ndege wakanyamaza. Kisha maji ya mfereji yakaacha kutiririka, na ile harufu ya sabuni ikapanda kutoka kwenye tundu la katikati ya ua, nzito, ikiwa imechanganyika na harufu ya nywele zilizooza, na juu ya vigae vikavu ikatokea alama ya unyayo mmoja uliolowa, halafu mwingine mbele yake, halafu mwingine, polepole kama mwenye nyumba anayekagua kazi, nyayo zisizo na mtu juu yake wala kivuli, zikaizunguka michungwa, zikapita karibu na Ghizlane aliyejibanza kwenye nguzo akijiziba mdomo kwa mikono miwili, zikaja mpaka mbele ya kochi, zikasimama, na baridi ya kisimani ikawafunika magoti.

Yamna akaanza Ayatul Kursiy. Alipofika katikati, akagundua kwamba kuna sauti nyingine inaisoma pamoja naye, neno kwa neno, bila kukosea.

"Na mimi naswali, Yamna," sauti ikasema. "Nimeswali humu kabla babu zako hawajazaliwa." Kisha makofi mawili yakalia karibu kabisa na uso wake. "Mbarka!"

Hind akainuka. Yamna akamvuta, akamkalia upindo wa gauni, akamziba mdomo, na chini ya kiganja chake akausikia ulimi wa mwanawe ukilitafuta lile neno, na-, na-.

"Mbarka hayupo!" Yamna alipiga kelele, na sauti yake ikagonga kuta zote nne. "Alikufa Meknes, kwenye kitanda chake, wajukuu wamemzunguka. Na hakuwa Mbarka! Jina hilo mlimpachika ninyi. Mama yake alimwita Sira. Umemwita miaka yote hiyo na hukuwahi kujua unamwita nani. Kama unaswali, basi muogope Mungu, na kazi yako uifanye mwenyewe!"

Maji yakachuruzika mahali fulani.

Makofi yakalia tena, makali zaidi. Yamna alimtazama binti yake, akaona machozi, akaona kwamba macho yale sasa yanamwona. Moyo wake ulimkataza, lakini akaondoa kiganja.

Hind akakaa vizuri. Akaegemea mto, taratibu, kama inavyofanya maiti inayorudiwa na uhai, akakunja mguu mmoja juu ya mwingine.

"Mimi si mtumishi wako," alisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Nimelipia chumba."

Nyayo zikarudi nyuma. Moja baada ya nyingine zikakauka, na ya mwisho ikaishia kwenye tundu la mfereji, ambalo lilitoa mkoromo mrefu, kisha maji yakaanza kutiririka kama kawaida. Ghizlane alikuwa ameketi chini, anacheka na kulia kwa pamoja. Usiku ule mama na mwana walilala kama mawe.

Harusi ilifanyika. Wiki chache baadaye Ghizlane alimpigia Yamna simu.

"Hajja, bado limo. Lakini tumeafikiana. Likipiga makofi, sote tunakwenda kuketi, wapishi kwa wafuaji, na tunalijibu kwa sauti moja: hayupo."

"Vizuri. Sasa mbona sauti yako iko hivyo?"

"Tangu jana haliiti tena, Hajja. Linalia. Linalia kama mtoto mdogo aliyepotelewa na mama yake, na roho inatuuma. Wenzangu wanasema pengine mmoja wetu angeenda tu kulibembeleza..."

"Asiende mtu," Yamna alisema. "Sira aliletwa humo ana miaka saba. Alilia hivyo hivyo, kwenye ua huo huo, na hakuna aliyeinuka. Liacheni lilie."