Kelele za Koboko

Kitunguu kilipita juu ya vichwa vya watu kikatua ndani ya beseni la mteja upande wa pili. Shafiki, aliyekuwa akitafuta filimbi sokoni Arua, akasimama. Kikapita cha pili. Mrushaji alikuwa mwanamke mrefu, kitambaa cha zambarau kichwani, raba za kiume miguuni.

"Dada, umecheza mpira wa pete wapi?"

"Nimecheza na vitunguu. Wewe unanunua, ama unaangalia mikono ya watu?"

Akanunua, ingawa kwake hakuna wa kupika.

Hivyo ndivyo Zuhurah alivyoingia timu ya mpira wa pete ya wanawake ya Onduparaka, na Shafiki, kochi wake, alivyoanza kukosa usingizi. Walipendana kwa simu, kwa siri. Siri aliitaka Shafiki. Wakubwa wa timu, watu ambao hawajawahi kununua hata mpira, wangemfukuza kwa umbea mdogo tu. Mkubwa anajua kufukuza; kujenga hajui. Zuhurah alimcheka, akamwita mpenzi wa gizani. Lakini alimwambia jambo ambalo Arua nzima, ukitoa dada yake, haikulijua: aliwahi kuolewa Koboko, na mume akamrudisha kwao kwa sababu hakuzaa.

Kisha ikapangwa mechi, na ikapangwa Koboko.

Shafiki aliingiwa na hofu. Zuhurah hakosi uwanja ukiwa kimya, ila mtu akipiga kelele mkono unatetemeka. Basi akapanga mazoezi: kupasha viungo, mbio fupi mpaka wachoke, halafu Zuhurah arushe huku wenzake wamemzunguka wakimzomea. Akikosa, Shafiki husema neno moja, "Rudia." Maneno ya kuzomea aliwapa yeye mwenyewe, kila jioni makali zaidi, maana umati hauna huruma. Zuhurah mwenyewe hakuambiwa lengo la zoezi.

Mikono ilianza kutulia. Ndipo jioni moja Hawah, mchezaji wa ulinzi, akapaza sauti kama alivyofundishwa: "Umerudishwa, wewe. Koboko walikukataa."

Mpira ukamponyoka. Zuhurah hakumtazama Hawah; alimtazama Shafiki. Akavua raba, akaenda pekupeku mpaka Awindiri kwa dada yake.

Shafiki akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena, anayelala peke yake anajua mlio ule unavyotafuna moyo. Mwishowe ikapokelewa.

"Mpenzi, nilijua watasema. Nilitaka usikie kwetu kwanza."

"Hiyo maneno iko yangu, Shafiki. Nilikupa ukae nayo. Hukuniuliza."

Simu ikakatwa.

Siku ya mechi Shafiki alisimama barabarani akihesabu vichwa, jasho likimtoka kabla ya jua. Gari lilichelewa, kwa kuwa mkubwa mmoja alilipeleka harusini kwanza. Zuhurah alitokea mwisho, akakaa kiti cha nyuma bila salamu. Walipofika Koboko waliingia uwanjani moja kwa moja, misuli baridi.

Umati ukamtambua Zuhurah. Ukalisema lile neno, kisha ukaliimba. Shafiki akafumba macho. Alipofumbua, mpira ulikuwa ukishuka ndani ya pete. Ukashuka tena, na tena. Walifungwa kwa tofauti ya bao moja, na hilo waulizwe wakubwa na harusi yao. Zuhurah hakukosa.

Alimjia Shafiki, kitambaa kikiwa shingoni, kimelowa.

"Zoezi lilikuwa zuri, kochi. Kosa ni hukuniuliza."

"Nisamehe."

"Siri yangu umetoa mbele ya watu. Sasa toa yako. Hapa hapa, hawa wakizomea."

Wakubwa walikuwa kivulini wakinywa soda. Shafiki akawatazama, kisha akaugeukia umati.

"Vuta pumzi kwanza," Zuhurah akanong'ona.

"Watu ya Koboko," Shafiki akaanza, sauti ikikwaruza. "Huyu mwanamke mlirudisha, mimi namuomba. Nitapeleka wazee wangu Awindiri, kama yeye anakubali."

Uwanja ukalipuka kwa kuzomea. Mkubwa mmoja akasimama, chupa mkononi, uso umekunjamana. Zuhurah akangoja kelele zipande mpaka juu kabisa.

"Sijasikia," akasema, meno yakianza kuonekana. "Rudia."

Shafiki akavuta pumzi, akarudia.