Shimo la Rahabu na Joto la Dula

Kila asubuhi Rahabu hukata majani ya ng'ombe kwanza, ndipo avae sare aende shule. Wiki hiyo viganja vilikuwa na malengelenge, hata kushika mundu kulimuuma. Alikuwa amechimba shimo la kimo chake nyuma ya darasa, ili yeye na mwanafunzi mwenzake Dula wapime joto la ardhi. Atakayefanya vizuri angeenda kwenye maonyesho ya sayansi Bumbuli. Dula alishika kipimajoto tu, sururu hakuigusa.

Siku ya kutoa majibu, Dula aliwahi kusimama. "Mwalimu, chini ya shimo pana joto kuliko juu. Ndiyo maana hata Magoma kuna joto. Magoma ni chini."

Darasa likapiga makofi. Nani hajawahi kushuka bondeni Magoma akavua sweta njiani?

Hasira zilimpanda Rahabu, akasimama. "Mwalimu, anadanganya. Chini palikuwa na baridi. Nilikiona kipimajoto kwa macho yangu."

"Kitabu kinasema ukienda chini joto linazidi," Dula akajibu bila haya. "Unabishana na kitabu?"

Wenzao wakamcheka Rahabu. Alitamani kumzaba Dula kofi.

"Mwalimu, naomba twende tukapime tena," alisema.

Mwalimu Sefania akawatoa wote nje, jua la mchana likiwaka. Akapima udongo wa juu, kisha akamwamuru Dula ashuke apime wa chini.

"Huku ni baridi kuliko juu," Dula akasema kwa sauti ndogo. "Hata juzi ilikuwa hivi. Niliogopa tutaonekana tumekosea."

Alipopanda alimwomba Rahabu radhi. Rahabu akamgeuzia mgongo, maana alikuwa bado amefura.

"Mchana jua hupasha udongo wa juu," mwalimu alieleza, naye amekasirika waziwazi. "Joto la kitabuni liko mbali sana chini. Wachimba migodi mirefu hulowa jasho, na chini zaidi hata jiwe huyeyuka. Watu wa Magoma hawamo ndani ya dunia. Wako juu ya ardhi kama sisi, ila hewa ya bondeni ina joto."

Akamgeukia Dula. "Rahabu ndiye atakayekwenda Bumbuli. Kitabu ni kweli, na shimo lake ni kweli. Uongo umeutia wewe katikati, ukamwacha aliyechimba achekwe. Ukipima, sema ulichokiona, hata kama hukielewi. Kuelewa tutasaidiana."